Lori Lililofuatwa na Nyuki

Kiilu wa Ikutha alikuwa dereva aliyeheshimiwa hata na mbuzi. Akikohoa tu, walijisogeza. Mwaka ule wa ukame, katikati ya miaka ya themanini, ndiye aliyeendesha lori la Muktar, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka upande wa Garissa akakaa Ikutha mpaka Kikamba chake kikawa safi kuliko cha wajukuu wa wenyeji. Lori lenyewe lilikuwa la turbo, la kwanza la namna hiyo kulala Ikutha, na likipanda mlima lilipiga mluzi mwembamba kama kijana aliyeona msichana akitoka kisimani. Juu ya kioo cha mbele Muktar alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: MUNGU YUKO MBELE.

Basi Mungu akabaki mbele, na lori likaanza kubaki nyuma.

Mambo yalianzia Ivia. Ivia ni ule mlima wa mawe matupu unaokungoja ukishavuka mto Athi ukielekea Kambu. Kiilu aliufikia jua likiwa utosini, kama kawaida yake, maana mbuzi lazima wanyweshwe mtoni kwanza, na mbuzi hawanywi kwa haraka ya mtu. Akaweka gia, akakanyaga mafuta. Mluzi wa turbo ulikuwepo, ila wa kinyonge, kama wa mtu aliyekumbuka ana mke. Nguvu haikuja. Akakanyaga mpaka kiatu kikagusa bati. Lori likapanda kama mzee anayepelekwa hospitali bila kutaka. Hata ule moshi mweusi wa kupandia mlima haukuonekana. Gia ya pili ikashindwa, ya kwanza ikalia, na mama mmoja aliyekuwa akiswaga punda wa maji akampita, akageuka, akasema, "Pole, baba. Nikuachie punda mmoja?"

Kiilu alifika juu akiwa amelowa jasho, akasimama, akafungua boneti. Kabla hajaona chochote, nyuki wakamfikia. Hawakuwa kundi la vita; walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, wakazunguka injini kama wageni wanaotafuta mahali pa kukaa. Kiilu akasema moyoni kwamba ni kiu. Mwaka ule kila kiumbe kilitafuta maji, na rejeta ilikuwa ikidondosha kidogo. Akafunga boneti akashuka Kambu, na kwenye barabara kubwa, tambarare, lori likaenda vizuri tu, kana kwamba halikumwaibisha mtu.

Fundi wa Kambu aliitwa Musembi, mnene, mwenye kawaida ya kuzungumza na injini kabla ya kuzungumza na mwenye gari. Kiilu alimweleza yote, ila habari ya punda hakuitaja.

"Hebu tuone," Musembi alisema. Akamwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, ingawa hayakujaza hata kizibo. Akaweka chujio jipya. Akapuliza bomba la kutoka tangi mpaka macho yakamtoka. Akafungua chujio la hewa akatoa mchanga wa kutosha kuotesha mihogo. Kisha akaliwasha, akalikanyagisha mafuta hapohapo kivulini, na lori likanguruma mpaka kuku wa hoteli ya jirani wakahama.

"Mgonjwa yuko wapi?" Musembi akauliza.

"Lakini Ivia..."

"Nenda, Kiilu. Gari yako imepona."

Safari iliyofuata, Ivia ikafanya vilevile. Gia ya kwanza, mluzi wa kinyonge, kisha nyuki.

Kiilu akaanza kuchanganyikiwa kwa njia ambayo mwanamume huchanganyikiwa: akawa mkali kwa mkewe. Mutindi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na sufuria mkononi, akamsikiliza, akasema, "Si mimi ninayeendesha," akarudi jikoni. Na huko jikoni Kiilu asingeweza kumfuata, kwa sababu ndani alikuwa Nzilani.

Nzilani alikuwa mama mkwe wake, amekuja kutoka kwao, ng'ambo ya Kambu, kumlea binti yake aliyejifungua. Wakamba wana kitu kinachoitwa nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, mpaka siku itakapotolewa mbuzi na blanketi ya kuondoa hiyo haya. Wengine huizoea haya hiyo mpaka wakaipenda. Kiilu mwenyewe aliiona kuwa ndiyo sehemu ya ndoa iliyopangwa kwa akili zaidi. Akirudi nyumbani alipiga honi tangu kwa jirani. Nzilani akaingia jikoni. Nzilani akitaka kutoka alikohoa. Kiilu akageukia ua akaanza kukagua miti asiyoijua. Nzilani alikuwa mshirika wa kanisa, mwimbaji wa mstari wa mbele, aliyeacha pombe, ngoma na ugoro mbele ya kusanyiko zima. Nthoni hakuiacha. Ubatizo wake ulikuwa wa maji mengi lakini haukufika huko.

Mikono ya mama huyo haikujua kupumzika. Vibuyu vyote vya kijiji vilivyopasuka vililetwa kwake. Alivishona kwa uzi wa mkonge na kuvipaka nta mahali pa ufa, na kibuyu kilichopita kwa Nzilani kilishika maziwa kuliko kizima.

Safari ya tatu Musembi hakucheka. Aliifungua pampu ya dizeli, ile inayopimia kila silinda chakula chake, akaifunga kwenye gunia safi kama maiti ya mtu mkubwa, ikapelekwa Nairobi kwa wenye mashine za kuipima. Lori likalala Kambu, Kiilu naye akalala Kambu, na huko Ikutha, Muktar akawa anatembea mbele ya duka lake mikono nyuma. Pampu ikarudi na maneno machache: haina kosa lolote. Nozeli nazo zikapimwa. Hazina kosa.

"Sasa nikueleze jambo," Musembi alimwambia Kiilu alipokuwa akiirudisha. "Turbo ni mpulizaji. Mzigo ukiwa mzito, anapuliza hewa nyingi kwa injini. Lakini hewa bila dizeli ni upepo tu. Lazima pampu iambiwe, 'Hewa imeongezeka, na wewe ongeza.' Sasa nani anaiambia? Ni haka." Akagusa mpira mwembamba kama kidole cha mtoto, uliotoka kwenye njia ya hewa ukaingia kichwani mwa pampu. "Haka ndiko kanabeba habari. Kakivuja, pampu haisikii kitu. Inaendelea kutoa dizeli ya kutembea, na wewe uko mlimani. Moshi mweusi hakuna, nguvu hakuna."

"Ndiyo hiyo hasa!" Kiilu akaruka.

"Tulia. Naona kalishapasuka kakafungwa." Musembi akapapasa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa katikati ya ule mpira, umebana, umelala vizuri kama nywele zilizosukwa. "Nani alifunga?"

Kiilu akafikiri. Mpira huo ulipasuka muda kabla ya haya yote. Aliufungua jioni, akauweka juu ya ghala ili autafutie mwenzake Kambu, na asubuhi akaukuta palepale umefungwa. Alimuuliza Mutindi, naye akajibu, "Umeshonwa. Uchukue." Alipouliza na nani, Mutindi alisema, "Si umeshonwa tu?"

"Ni yule wa pancha, wa Ikutha," Kiilu akasema, maana nani mwingine angekuwa na tyubu ya baiskeli?

"Ana mkono mzuri. Mwambie akichoka na baiskeli aje nimpe kazi." Musembi akalitia lori moto, akakanyaga mafuta, akapaka povu la sabuni kote kwenye ule mpira. Lori lilikuwa limelala kivulini siku ile yote, baridi kama mtungi. Povu likatulia. Hakuna hata kiputo kimoja kilichoinuka. "Umeona? Haka hakana dhambi. Kiilu, gari yako ni kama wale wagonjwa wanaopona wakiona koti jeupe. Mimi nimefika mwisho."

Ikutha nako kila mtu alikuwa na maoni. Wa kanisani wakaliombea lori likiwa limesimama, nalo likasikia maombi vizuri, likawaka mara moja. Wazee wakauliza kama Kiilu amewahi kula kiapo cha mtu na kusahau, maana nyuki si wadudu wa kutumwa ovyo. Kiilu akalala akivihesabu viapo vyake, akakuta hana, akaanza kuogopa kwamba labda ndicho alichokisahau. Na Jonah, aliyekuwa dereva bila gari tangu basi lake lilipofia korongoni, akahamia kwenye benchi la duka la Muktar na kijiti chake cha meno.

"Gari ya turbo haitaki mguu wa kuogopa," Jonah akasema, akitazama juu kama asiyemsema mtu.

"Mguu wangu uliendesha hiyo gari wewe ukiendesha korongo," Kiilu akamjibu.

"Korongo nililiingia kwa kasi, bwana. Wewe unapitwa na punda."

Benchi zima likacheka. Yule mama wa punda alikuwa na mdomo, kumbe.

Muktar hakucheka. Asubuhi iliyofuata, kukiwa na ubaridi bado, alimpa Jonah ufunguo ajaribu. Jonah akalipandisha lori tupu kwenye mlima wa shule, akalirudisha, akalipandisha tena. Mluzi ulisikika mpaka sokoni. Kiilu alisimama kando ya njia akiusikiliza mluzi ule, ule wa zamani, wa kijana na msichana wa kisimani, ukitoka chini ya mguu wa mtu mwingine. Sasa hakuelewa hata nafsi yake. Labda kweli ni mguu.

"Dereva," Muktar alimwita pembeni, kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Pampu nzima. Nozeli nzima. Jonah akipanda, gari inapanda. Wewe ukipanda, gari inakufa. Nimebaki na mawazo mawili. Ama unauza dizeli yangu njiani na kuweka mafuta ya taa, ama umezeeka."

"Bwana Muktar, mimi na wewe tumekula vumbi pamoja miaka mingapi?"

"Ndiyo maana nakwambia polepole. Kesho nitajaza tangi kwa mkono wangu mwenyewe. Nitakaa mbele na wewe mpaka Kambu. Ivia ikikushinda macho yangu yakiona, ufunguo utakwenda kwa Jonah."

Kiilu hakuwa na shamba la maana wala duka. Alikuwa na ule usukani. Hata watoto wa Ikutha walipocheza, mmoja wao lazima awe Kiilu.

Usiku huo Mutindi akaleta jambo jingine. Mtoto ameshapata nguvu, mama yake anataka kurudi kwao, na lori linakwenda Kambu. Je, si limbebe?

"Kesho?" Kiilu akasema. "Kati ya siku zote?"

"Yeye hatakula mafuta yenu."

Asubuhi Muktar alimwona Nzilani amesimama nyuma ya ghala na mzigo wake, shuka kichwani. "Mama apande mbele, akae vizuri," akasema.

"Mbele hawezi," Kiilu akajibu.

"Kwa nini?"

"Mimi niko mbele."

Nzilani akapandia nyuma, akatandika gunia kati ya mbuzi, akakaa akielekea walikotoka. Kiilu naye akageuza kile kioo cha pembeni kikaangalia juu.

"Unaendesha ukitazama mwewe?" Muktar akauliza.

"Ni heshima."

Muktar akashika kichwa. "Nyinyi watu," akasema, "mna sheria nyingi kuliko sisi, na bado mnakula nguruwe."

Wakafika Athi, mbuzi wakanywa kwa raha zao, jua likapanda. Wakaukabili mlima. Kiilu akasoma sala ya kimoyomoyo, akatia gia, akakanyaga. Kwanza lori likaitika. Likapiga mluzi wenyewe hasa, na Kiilu akamtupia Muktar jicho la furaha. Wakapita jiwe la kwanza, wakapita mgunga uliopinda. Halafu, katikati kabisa ya Ivia, mluzi ukapungua kama mtu anayeishiwa na pumzi akisimulia, na lori likalegea.

"Kanyaga!" Muktar akasema.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga, warya, wewe mtu!"

"Tazama mwenyewe!"

Muktar akainama mpaka chini, akakishika kiatu cha Kiilu kwa mikono miwili, akakisukuma. Hakikuwa na mahali pa kwenda. Akainuka taratibu, kofia imekaa upande, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa kama wa Kiilu. "Mguu uko chini," akasema. "Tangi nilijaza mimi. Sasa ni nini hii?"

"Ndiyo ninayouliza tangu mwezi uliopita."

Lori likasimama. Kiilu akaruka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti, na nyuki hao wakaja kama walioitwa kwa kengele. Muktar, ambaye hakuogopa simba, akapandisha vioo vyote viwili, akaacha upenyo wa kupitisha pua.

Kutoka nyuma kukasikika kikohozi kikavu. Mama mkwe anashuka. Kiilu akajificha haraka upande wa pili wa boneti, na bati lile lililosimama wima likawa ukuta wa nthoni. Nzilani hakuogopa nyuki hata kidogo. Baba yake alitundika mizinga maisha yake yote. Akaokota samadi kavu ya punda, akaiwasha ndani ya mkebe, akapuliza moshi kuelekea injini, na nyuki wakalegeza mwendo. Kisha akainua pua akanusa. Akanusa tena.

"Muktar, mwanangu," akasema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo ingesikika Kambu. "Hebu muulize huyo mume wa Mutindi, ni nani anayechoma nta?"

Muktar akaweka mdomo kwenye upenyo. "Dereva! Nani anachoma nta?"

"Mwambie hapa hakuna nta," Kiilu akajibu kutoka ng'ambo ya boneti. "Ni harufu ya dizeli na mbuzi."

"Mama, anasema ni dizeli na mbuzi."

"Nimesikia. Mwambie dizeli haiiti nyuki. Dizeli ingekuwa inaita nyuki, Kambu yote ingekuwa asali."

"Dereva, anasema..."

"Nimesikia."

"Sasa kama mnasikiana," Muktar akalalamika, "mimi nafanya kazi gani hapa ndani?"

Pande zote mbili za boneti zikamwonea huruma kwa kutojua mambo. "Wewe sema tu, baba," Nzilani akamtuliza. "Hiyo ndiyo njia yake. Mwambie mume wa Mutindi atazame chini ya injini, kuna kitu kinadondoka."

Kiilu alitazama kabla hajaambiwa. Juu ya chuma cha moto, tone dogo la njano lilikuwa likitandaa na kutoa moshi. Akafuata juu lilikotoka. Tone la pili lilikuwa likikusanyika chini ya ule mpira mwembamba, pale kwenye ukanda wa tyubu. Akaugusa kwa kitambaa: mlaini, unateleza, na chini yake hewa ikafanya *fss* kwenye kidole. Pale ambapo povu la sabuni halikuinua hata kiputo.

"Linatoka kwenye mpira unaopeleka habari," akasema, na sauti yake yenyewe ikamshangaza. "Ule uliofungwa."

Muktar akapitisha habari. Nzilani akaacha kupuliza moshi.

"Mwambie," akasema kwa upole, "asiufungue huo."

Lakini Kiilu alikuwa ameshaanza kuuzungusha ule ukanda. Ndani yake palikuwa na uzi wa mkonge, mishono midogo ya kupishana, iliyopangika kama meno ya mtoto. Juu ya mishono, nta, imeyeyuka inachuruzika. Hakuwa ameona fundi wa pancha yeyote duniani anayeshona hivyo. Alikuwa ameuona mshono huo kila siku ya ndoa yake, mezani, kwenye kibuyu cha maziwa.

"Muulize," akasema, akiwa hajui atie sauti gani, "ni nani aliyeushona huu mpira?"

"Mama, nani alishona?"

Mbuzi mmoja akalia nyuma. Nzilani akapuliza moshi mwingi kuliko nyuki walivyohitaji.

"Mwambie ni mtu."

"Dereva, anasema ni mtu."

"Mwambie mtu huyo aliona kitu kimepasuka, akakionea huruma. Hakujua kwamba gari huchemka kama sufuria. Kibuyu hakiwekwi jikoni."

Kiilu akaegemea gurudumu. Asubuhi baridi: nta imekaza. Kivulini kwa Musembi: nta imekaza. Jonah kwenye mlima wa shule, kabla ya chai: nta imekaza. Mlimani na mzigo, jua la utosini, injini inatokota: nta inalegea, habari zinavujia njiani, na pampu huko inakaa kimya haijui hili wala lile. Kisha lori likipoa, nta inakaza tena na kukaa kama haikufanya kitu. Mwezi mzima alikuwa akituhumu pampu, kiapo na mguu wake mwenyewe. Alitaka kukasirika lakini hakupata pa kushikia. Utamkasirikiaje mtu usiyeruhusiwa hata kumtazama?

"Mwambie," akasema mwishowe, "huyo mtu ana mkono mzuri. Hata fundi Musembi alisema hivyo."

"Anasema..."

"Nimesikia," Nzilani akajibu, na sauti yake ilikuwa imepata maji kidogo.

"Alhamdulillahi," Muktar akasema. "Sasa turudi kwa gari yangu. Itapanda?"

Kiilu akaukata ule mpira pale penye ufa. Akabaki na ncha mbili. "Nahitaji kitu cha kuingiza katikati," akasema. "Cha chuma, chenye tundu pande zote, kinene kama kidole kidogo."

Muktar akatoa biro mfukoni. Kiilu akatikisa kichwa: hiyo nayo itayeyuka, nasi tutarudi palepale. Wakatafuta kwenye sanduku la vifaa, wakatafuta chini ya kiti. Juu ya mlima mwewe wa kweli alizunguka, na mbuzi walianza kuangushana kwa joto. Kiilu aliuona ufunguo ukiondoka mikononi mwake kwa kukosa kipande cha bomba kisichofika hata urefu wa kiganja.

Nzilani alisimama na mkebe wake wa moshi muda mrefu. Kisha akageuka kabisa, akatia mkono ndani ya shuka, ndani tena, mahali ambapo kanisa haliwezi kukagua, akatoa kimrija cha shaba, kimesuguliwa kikang'aa, chenye vizibo vya ngozi huku na huku. Akakung'utia vilivyomo kwenye kona ya leso, kwa uangalifu mkubwa, akaifunga fundo.

"Muktar, mwanangu. Mpe hiki."

Muktar akashusha kioo, akakipokea, nyuki mmoja akaona nafasi akamtia mwiba sikioni. Akapiga yowe, na yowe likageuka chafya, kubwa, mara mbili. "Mama! Ndani kulikuwa na nini?"

"Dawa ya meno."

"Ya meno? Mbona inashika pua?"

"Mwanangu, hujawahi kuumwa na meno ya juu?"

Ng'ambo ya boneti Kiilu aling'ata kitambaa chenye dizeli ili asicheke. Akapitisha kimrija katikati ya zile ncha mbili, akazifunga kwa waya, akakaza kwa koleo. Akawasha. Akatia gia. Alipokanyaga mafuta, lori lilitikisika kama mtu aliyeamshwa kwa maji, likatoa moshi mweusi, mzuri, wa kuchafua nguo za watu, na mluzi ukapaa. Likaimaliza Ivia kwa gia ya pili. Karibu na kilele walimkuta yule mama wa punda, na Kiilu akapiga honi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Muktar alikuwa ameshika sikio, linafura. "Jonah ananingoja," akasema.

Kiilu akabadilisha gia. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Nitamwambia alipanda asubuhi, gari baridi, tena tupu. Asubuhi na mikono mitupu hata mimi ni kijana." Akainua sikio lake kuelekea kioo kilichotazama juu. "Wewe endesha. Lakini utoe hiyo blanketi yenu na hiyo mbuzi. Mbuzi chagua hapo nyuma. Mimi sitakuwa mpira wenu tena, wa kupitisha habari huku na huku. Nimeumwa mara moja, inatosha."

Kambu Musembi aliusikia mluzi kabla hajaliona lori, akatoka na mikono yenye grisi. Nzilani alikuwa ameshashuka upande wa nyuma, amewapa wote mgongo, anajifunga mzigo. Kiilu akaeleza mambo yote ya nta, na mtu aliyeshona akamwita mtu.

"Haiwezekani," Musembi akasema. "Nilipaka sabuni kwa mkono wangu!" Akainama ndani ya boneti, akaona shaba inang'aa katikati ya mpira wake. Akaufungua upande wa pampu ahakikishe njia iko wazi, na kwa vile ndivyo mafundi wanavyohakikisha, akatia ncha mdomoni akavuta.

Kwanza macho yakajaa maji. Kisha Musembi akapiga chafya iliyogonga kichwa chake kwenye boneti, akapiga nyingine, na kuku wa hoteli ya jirani, waliokuwa wamerudi juzi tu, wakahama tena.

"Nani," akauliza, akitafuta kitambaa, "nani amewekea pampu ugoro?"

Kiilu akatazama miti ya Kambu, ambayo hakuijua.

"Ni yule wa pancha," akasema. "Wa Ikutha."

"Yule wa mkono mzuri?"

"Huyo huyo."

Nyuma ya lori, shuka moja lililoelekea upande mwingine lilikuwa likitikisika sana, na hapakuwa na upepo.